Nakala za chapeo ya Kirumi Gallic G: ipi inunuliwe, ipi irekebishwe, ipi ibaki dukani

Muuzaji hukuonyesha chapeo kwa mbele. Shaba inameremeta, singa nyekundu zimesimama, mabamba ya mashavu yananing'inia kama masikio ya mbuzi. Wewe igeuze juu chini, umulike ndani kwa tochi. Mshono wa weldi, ribiti zilizopigwa ovyo, ngozi ya kushikiza kichwa iliyofungwa kwa uzi wa viatu: yote yamejificha humo, na humo ndimo utakapojua kama umeuziwa nakala ya chapeo au umeuziwa pambo la ukutani.

Neno chapeo wengi walilijulia kwenye Waefeso 6:17, na linatufaa kuliko helmeti, ambayo siku hizi inanuka bodaboda. Tunayoipima hapa ni nakala ya kiwandani ya aina iitwayo Imperial Gallic G. Nyingi zinatengenezwa India kwa bati la chuma la milimita 1.2 na kuuzwa mtandaoni kwa dola 100 hadi 200 hivi, nauli mbali. Pembeni tutazigusa ndugu zake: Italic G, Coolus, na ile inayoitwa tu "chapeo ya akida". Hukumu tuitoe mapema, asiye na muda asisome hadi chini. Gallic G ya bei ya kati inastahili pesa yake ikiwa una nyundo ya mpira, tupa na alasiri mbili tatu za kazi. "Chapeo ya akida" ya bei rahisi usiinunue, hata kwa ajili ya jukwaa.

Kwanza jina, maana jina ndilo linalouza. Herufi hizi si za Warumi. Ni mpangilio wa Mwingereza H. Russell Robinson, uliotoka mwaka 1975. Alizigawa chapeo za askari wa miguu katika Montefortino, Coolus, Imperial Gallic na Imperial Italic, kisha kila kundi akalipa A, B, C kwa kadiri ya umbo. Wajerumani wana njia yao ya kutaja mahali zilipopatikana: Hagenau, Weisenau, Niederbieber. Jeshi la Kirumi halikuwa na kiwanda kimoja chenye kielelezo kimoja, na herufi nyingine za Robinson zinasimama juu ya chapeo moja tu. G inaielekea chapeo ya chuma ya Mainz-Weisenau, kando ya mto Rhine, iliyohifadhiwa Worms, Ujerumani, ya kati ya miaka ya 50 na 75 BK hivi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni "umeiga chapeo ipi, ya wapi?" Ukimuuliza tu kama ni sahihi kihistoria atakujibu ndiyo. Asipoweza kutaja mahali ilikopatikana wala makumbusho inakokaa, huenda umeshika mseto: nyusi za Gallic, kishikio cha kishungi (pambo la singa la utosini) cha Italic, na msalaba wa pau za chuma wa karne ya pili juu yake.

Mseto huo unatambulika haraka ukijua alama mbili. Gallic ina nyusi: mistari iliyoinuliwa kwa nyundo kwenye paji la bakuli, iliyopinda na kuchanua kuelekea pembeni. Italic haina. Kishungi cha Gallic huchomekwa kwa kutelezeshwa kwenye kishikio kilichoinuka juu ya utosi, ilhali cha Italic huingizwa kwenye bamba lenye mwanya na kuzungushwa mpaka kikaze. Nakala yenye nyusi na mwanya wa kuzungusha ni ya fundi aliyekuwa na picha mbili mezani akashindwa kuchagua.

Sasa bakuli, maana likikosea hapa mengine yote ni mapambo.

Kosa kubwa la kiwandani ni uduara. Bakuli hukandamizwa kwa mashine juu ya kielelezo kinachokaribia duara, tena kikubwa, ili saizi moja imtoshe kila mnunuzi. Kichwa cha mtu si duara. Kichwa chenye mzingo wa sentimita 57 kina urefu wa karibu sentimita 20 toka paji hadi kisogo, na upana wa karibu 15.5 juu ya masikio. Weka sufu ya milimita 6 kuzunguka kote, unahitaji nafasi ya sentimita 21.2 kwa 16.7. Tofauti ya urefu na upana inabaki 4.5. Pima ndani ya nakala kwa kalipa, au kwa vijiti viwili unavyovisogeza mpaka viguse kuta. Ukikuta tofauti ya sentimita 2 tu, bakuli ni la duara, nalo litakaa kichwani kama sufuria: mbele na nyuma linabana, pembeni linapwaya, na mvaaji akigeuza shingo chapeo inabaki ikitazama ilikokuwa. Wauzaji huficha hilo kwa kujaza sifongo pembeni. Ukitazamwa kwa mbele, kichwa kinaonekana kipana kama boga.

Bakuli la milimita 1.2 linaweza kuvutwa kidogo. Ondoa kwanza kinga ya paji, lile bamba jembamba la mlalo linalolinda uso na panga la kutoka juu, maana ukilibana bakuli nalo likiwa limefungwa ribiti zake zitapasua matundu. Laza bakuli kwa ubavu juu ya taulo lililokunjwa, bonyeza ubavu wa juu kwa goti polepole, achia, pima, rudia. Chuma hurudi nyuma kila unapoachia, kwa hiyo bonyeza zaidi ya unavyotaka. Sentimita moja ya upana inapatikana bila matatizo, na kadiri upana unavyopungua urefu unaongezeka wenyewe. Usijaribu hivyo kwenye bakuli lenye mshono wa weldi katikati, utaufungua.

Huo mshono ndio jambo la pili. Chapeo asilia za kundi hili zilifuliwa kwa kipande kimoja cha chuma, bakuli na kinga ya shingo pamoja. Ni kazi ngumu ya mhunzi, kupasha na kupiga mara nyingi. Viwanda vya bei ya chini hukandamiza nusu mbili na kuzichomelea toka paji hadi kisogo, au huchomelea kinga ya shingo kama kipande cha pembeni. Nje hupigwa msasa hata usione kitu. Ndani huwa wamechoka. Pitisha kidole katikati ya bakuli: ukisikia mstari, mwembamba kuliko chuma cha jirani, hapo ndipo kutu itaanzia. Mshono kwenye kinga ya shingo hukaa kwenye pembe ya kisogo, mahali hasa penye matuta ya kuimarisha. Ukiona matuta hayo yamekatika pembeni badala ya kuzunguka kisogo kwa mstari mmoja, ujue yalichongwa baada ya kuchomelea.

Unene. Chuma cha asilia kwa kawaida hucheza kati ya milimita 1 na 1.5, tena hakilingani chapeo nzima, kwa sababu kilichofuliwa kwa nyundo hakiwezi kulingana. Nakala ya 1.2, wanayoiita geji 18, iko mahali pake, na chapeo nzima itakuwa na uzito wa karibu kilo 2. Ya milimita 1.6, geji 16, inafika kilo 2.5 hadi 3. Hiyo hutengenezwa kwa wanaopigana kwa panga za kweli zisizo na makali, na kwao ni busara. Ila mtu asikuambie kuwa uzito ndio uaminifu. Chapeo ya milimita 2 iliyosifiwa kuwa "nzito kama ya Warumi" imetengenezwa na mtu ambaye hakuwahi kupima ya Warumi.

Shaba ya njano ya ukingo na mapambo nayo ina siri. Warumi wa karne ya kwanza walichanganya shaba na zinki kwa kiasi cha chini, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 22. Ya madukani leo ina zinki ya asilimia 30 hadi 37. Ndiyo maana nakala mpya ina umanjano wa limau wakati ya kale inaelekea dhahabu iliyoiva. Hakuna anayebadilisha metali ya nakala ya dola 150, na hatuhesabu hilo kuwa kosa kubwa. Kosa ni pale "shaba" inapokuwa bati la chuma lililopakwa. Sumaku ndogo inamaliza ubishi: ishikie kwenye kinga za masikio. Ikiganda, umeuziwa rangi. Ila angalia usiipitishe juu ya ukingo uliofunika chuma kwa ndani, maana hapo sumaku itavutwa na chuma cha bakuli na utamlaumu fundi asiye na kosa. Ishikishe kwenye kinga ya sikio, isiyo na chuma nyuma yake.

Nyusi ni kipimo cha mkono wa fundi. Katika chapeo asilia zimeinuka na zina kingo zinazoshika kivuli, na mistari ndani yake imekatwa kwa patasi butu. Katika nakala nyingi zimekandamizwa kwa mashine na kuwa mviringo na laini, kama sabuni iliyotumika wiki mbili. Hilo halirekebishiki kirahisi. Kupiga upya kwa ndani bila kuitanua bakuli kunahitaji lami ya kuegemeza na mkono uliozoea. Ukinunua mtandaoni omba picha ya nyusi iliyopigwa taa ikiwa pembeni, wala usikubali ya taa ya mbele inayofuta vivuli.

Kinga ya shingo ya G inakaribia kulala mlalo, imeshuka kidogo tu. Zile zinazoteremka sana kuelekea mabegani ni tabia ya zilizofuata, kama Gallic H iliyopatikana Augsburg, Ujerumani. Viwanda hukunja pembe moja kwa aina zote. Mjaribishe mvaaji: akiinua uso kutazama juu, kinga ya shingo isigonge mabamba ya mabega ya deraya yake. Ikigonga, ama pembe imekosewa ama bakuli limeshuka mno kwa sababu ya bitana mbaya. Tofautisha mawili hayo kabla hujachukua nyundo. Kinga za masikio ziwe zimezunguka tundu la sikio na kulitoa nje kidogo, zisiwe zimebandikwa sentimita tatu juu yake kama kofia ya mlango. Askari alitakiwa asikie tarumbeta na amri, ndiyo maana sikio liliachwa wazi chini ya kijipaa hicho.

Tukija kwenye mabamba ya mashavu, nakala za kiwandani zinaaibika hapa kuliko popote. Ni mapana, marefu na bapa. Bamba la asilia limepinda kufuata taya, lina mkato mbele ya jicho na mwingine mbele ya mdomo, na chini limekunjwa kwenda nje ili pigo lisiteleze kwenye koo. Mvaaji akifunga kamba, ncha mbili zikaribiane chini ya kidevu. La kiwandani linaning'inia wima, pengo kati ya bamba na shavu linapitisha vidole vitatu, na ncha zinagonga mtulinga mtu akiinama. Ni kosa linaloonekana kwenye picha toka mbali, lakini ndilo rahisi kulitibu.

Vuta pini ya bawaba kwa koleo. Kama ncha zake zimepondwa, ondoa moja kwa tupa. Chora umbo la bamba asilia kwenye boksi kutoka picha iliyopigwa moja kwa moja kwa ubavu, ukilinganisha urefu wa boksi na umbali wa toka bawaba hadi chini ya kidevu cha mvaaji wako. Toa ukingo wa shaba kwanza. Ukipinda bamba ukingo ukiwa juu, shaba itakunjamana upande wa ndani wa mpindo na haitanyooka tena. Shaba yenyewe ichome mpaka iwe nyekundu hafifu inayoonekana gizani tu, uiache ipoe au uitie majini, nayo italainika. Chuma pinda baridi. Chonga kibonde kwenye gogo la mti laini, laza bamba uso chini, piga kwa nyundo ya mpira toka kingoni kwenda katikati, mapigo madogo, na kila baada ya mapigo kumi hivi lijaribu kwenye taya. Sentimita mbili za juu, chini ya bawaba, ziache nyoofu. Zikipinda, bawaba itang'ang'ania na bamba halitafunguka. Kilichozidi chini kata kwa mkasi wa bati kabla ya kukunja ile midomo ya koo, isiwe baada. Rudisha ukingo, ribiti ziwe za shaba, kichwa kidogo na bapa. Za vichwa vya duara kama vifungo vya suruali ya jinzi zitoe zote.

Kamba ya kidevuni haina bizimu. Ni ngozi nyembamba inayotoka kwenye pete iliyo chini ya kinga ya shingo, inapita kwenye pete za ndani za mabamba ya mashavu na kufungwa fundo chini ya kidevu. Nakala yenye mkanda wa bizimu kama wa helmeti ya pikipiki imekosea, lakini kuitoa ni kazi ya dakika tano.

Bitana ni jambo la kubahatisha kuliko mengine, na wauzaji wanalitumia. Ndani ya nakala utakuta vipande vya ngozi laini vilivyofungwa ribiti kuzunguka bakuli na kukusanywa kwa uzi juu, mtindo wa chapeo za viwandani za karne ya 20. Chapeo za miguu za karne ya kwanza hazina safu ya matundu ya kushonea kitu kama hicho. Kilichokuwamo kiligundishwa, au kilikuwa kofia ya peke yake. Kuhusu kofia ya peke yake tuna habari nzuri, ingawa ni ya baadaye sana. Ammianus Marcellinus, askari na mwanahistoria wa Kirumi, alitoroka mji wa Amida mwaka 359, yeye na wenzake wakiungua kwa kiu, wakakuta kisima kirefu kisicho na kamba. Wakachana nguo zao za kitani zikawa kamba, wakafunga mwishoni kofia ambayo mmoja wao alikuwa akiivaa chini ya chapeo, wakaitumbukiza, nayo ikanyonya maji kama sifongo. Kitambaa kinachonyonya namna hiyo ni kinene na kizito. Tunashauri hivyo: toa ngozi zote, ziba matundu ya ribiti kwa ribiti bapa, ukate sufu iliyoshindiliwa ya milimita 6 kwa vipande vinne vyenye umbo la jani na kuvibandika kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, ili siku ya kuosha uweze kuitoa. Kinga ya paji ikae sentimita mbili hivi juu ya nyusi za mvaaji. Ikimfunika macho, ongeza kipande utosini, usiongeze pembeni.

Kishungi. Hapa mafundi wote, wazuri na wabaya, wameelemewa na sinema.

Kwamba askari walivaa vishungi vitani wakati wa Julius Kaisari tunalijua kutoka kwake mwenyewe: mwaka 57 KK, kwenye mto Sambre, adui alifika ghafla hata wanajeshi wakakosa muda wa kuvaa chapeo na kufungia mapambo yao. Maana yake vilikuwa vya kuondolewa. Nakala yenye kishungi kilichopigwa misumari au gundi juu ya utosi imekosea tangu mwanzo. Rangi nyekundu kwa kila mtu haina hati. Kati ya waandishi wa kale, Polybius aliwapa askari wa jamhuri manyoya matatu ya zambarau au meusi, yenye urefu wa kama dhiraa. Arrian aliwapa wapanda farasi singa za njano kwenye michezo yao. Vegetius anasema vishungi vya maakida vilikaa kwa kukingama, sikio hadi sikio, na vilikuwa na rangi ya fedha, na jiwe la kaburi la akida Titus Calidius Severus wa lejioni ya 15 Apollinaris, lililopatikana Carnuntum, linaonyesha wazi chapeo yenye kishungi cha kukingama. Kwa hiyo kukingama ni sahihi kwa akida, nyekundu haina ushahidi, na nyuzi za plastiki ni ufagio. Singa za kweli hulala kidogo, nazo zinanuka mnyama zikilowa. Plastiki husimama kama mswaki na kumeremeta ikipigwa taa ya jukwaani. Kama bajeti ni ndogo, iache chapeo bila kishungi. Askari asiye na kishungi ni sahihi kabisa.

Sasa msalaba, yaani pau mbili za chuma zinazokatana juu ya bakuli. Ulikuja na vita vya Dacia (Romania ya leo) vya miaka 101 hadi 106, au muda mfupi karibu navyo. Maadui wale walikuwa na silaha yenye mpindo iliyoteremka toka juu na kupasua bakuli. Chapeo iliyopatikana Berzobis, Romania, inao, na ile ya Hebron iliyo Jerusalem, ndiyo Italic G, inao pia, na inahusishwa na vita vya Bar Kokhba, uasi wa Wayahudi wa 132 hadi 135. Tatizo ni kwamba Italic G inapendeza machoni, ina hilali za shaba katikati ya pau, na kwa sababu imetoka nchi ile ile wauzaji huipachika jina la "askari wa Yerusalemu".

Hapo ndipo vikundi vya maigizo ya Pasaka vinapoponzwa, kuanzia Dar es Salaam hadi Bujumbura. Pontio Pilato alitawala Uyahudi mwaka 26 hadi 36. Chapeo ya Hebron ni ya miaka mia moja baadaye. Hata Gallic G yetu imechelewa kama miaka ishirini au zaidi. Isitoshe, kikosi cha Pilato hakikuwa cha lejioni. Lejioni zilikaa Syria, na chini yake yeye walikuwepo askari wasaidizi, wengi wakiwa wa miji ya Sebaste na Kaisaria. Kwa igizo la Pasaka chukua Coolus ya shaba: bakuli laini bila nyusi, kinga ya paji, kinga ya shingo pana, kidude cha kishungi utosini. Kwenye nakala zake kosa la kiwandani ni dogo, kwa kuwa kuna chapeo asilia za shaba za kundi hili zenye alama za kuzungushwa kwenye mashine. Ukiona mistari ya duara ndani, usiirudishe kwa muuzaji. Kagua tu uduara wake kama tulivyosema, na mabamba ya mashavu.

Chapeo za karne ya nne tuzipite haraka. Kwenye hizo mshono wa katikati unageuka kuwa haki, maana bakuli lilikuwa nusu mbili zilizounganishwa na utepe wa juu, ila kwa ribiti wala si kwa weldi. Ya Deurne, Uholanzi, iliyopatikana 1910, ni ganda la fedha iliyopakwa dhahabu lililofunika chuma kilichokwisha kuoza. Nakala yake ya shaba tupu ni kitu kingine chenye umbo lake. Za kinyago cha uso, kama ile ya Ribchester, Uingereza, iliyopatikana mwaka 1796, zilikuwa za wapanda farasi wa michezoni. Askari wa miguu mwenye kinyago hicho kwenye gwaride anachekesha.

Na ile "chapeo ya akida" ya bei rahisi? Bati la milimita 0.8, bakuli la duara, tai aliyebandikwa kwenye paji, mabamba ya mashavu ya umbo la Kiattiki, yaani la Kigiriki, yaliyochukuliwa kwenye sanamu. Chapeo za sanamu, kama za maaskari wa walinzi kwenye jiwe lililo Louvre, ni mkono wa mchonga mawe aliyependa Ugiriki. Kuitengeneza nakala ya kweli kutoka kwake ni kama kushona kanzu kutoka kwenye picha ya mtu mmoja juu ya noti.

Kuitunza. Nyingi hufika zimepakwa vanishi, na kwenye unyevu wa Mombasa au Zanzibar kutu huingia chini yake na kutambaa bila kuonekana. Itoe yote kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, kisha futa kwa mafuta ya cherehani, na juu yake nta ya nyuki iliyopashwa moto kidogo, uisugue kwa kitambaa cha pamba. Shaba iache ififie yenyewe. Kuichovya kwenye siki ili "izeeke" kunaiacha na madoa ya kijani ambayo askari angeadhibiwa kwayo. Chapeo ya kazi ilisuguliwa. Iliyozeeka kwa makusudi inaiga kitu kilichochimbwa ardhini.

Kitu kimoja nakala hazina na kingepaswa kuwepo: jina la mwenyewe. Chapeo moja ya shaba ya London, iliyoko British Museum, ina majina ya watu wanne waliopokezana kwenye kinga yake ya shingo. Fuata utaratibu wao: alama ya senturia (kikosi cha akida) inayofanana na C iliyogeuzwa, kisha jina la akida, kisha la askari. Tumia patasi ya ncha na nyundo ndogo, nukta moja moja, milimita mbili kati yake, na ubao mgumu chini ya bamba lisibonyee. Mashine ya umeme ya kuandikia huacha mstari mmoja unaoendelea, na chapeo inatoka kama kombe la mashindano ya shule.